Kilo 57

Lori la mizigo linalotoka bandari ya Mombasa kuja Bunia, Ituri, kwa kawaida hupita Nakuru. Likishaondoka Nairobi huteremka Bonde la Ufa, hupita mji huo wa reli na mashamba, kisha hushika njia ya Eldoret, Malaba na Kampala kabla ya kuukaribia mpaka wa Kongo. Bati la nyumba au katoni ya sabuni iliyokuja kwa njia hiyo na kuuzwa dukani katika mtaa wa Ngezi, Bunia, imeshauona mji wa Nakuru, hata kama mnunuzi hajawahi kulisikia jina lake. Ukipima kwa mstari ulionyooka, Nakuru haifiki kilomita 700 kutoka Bunia. Kinshasa iko mbali kwa zaidi ya kilomita 1,700.

Hata hivyo, mazungumzo ya ndondi yakianza Bunia, kama popote Kongo, hayachukui muda kufika Kinshasa. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974, uwanja wa 20 Mai, ambao leo unaitwa Tata Raphaël, George Foreman aliangushwa na Muhammad Ali katika raundi ya nane. Rais Mobutu aliwaahidi mabondia hao dola milioni 5 kila mmoja. Watoto ambao wazazi wao walikuwa hawajazaliwa mwaka huo wanajua kupiga kelele za "Ali, boma ye!" na kuonyesha jinsi Ali alivyoegemea kamba akamwacha mwenzake achoke. Ni kumbukumbu nzuri, na Kongo ina haki ya kujivunia. Lakini waliopigana usiku ule walikuwa Wamarekani wawili. Ndondi ya watu wa ukanda huu, iliyopiganwa bila malipo na vijana wa mitaa, kambi za polisi na magereza, ina historia yake. Katika historia hiyo yumo mtu ambaye Foreman mwenyewe alikutana na sifa zake miaka sita kabla ya Kinshasa.

Jina lake ni Philip Waruinge, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1945, akakulia na kujifunzia ngumi Nakuru.

Oktoba 1968, jijini Mexico, Foreman alikuwa kijana wa miaka 19. Alitwaa medali ya dhahabu ya uzito wa juu, akazunguka ulingoni akipunga kibendera cha Marekani, na picha ile ikazunguka dunia. Waruinge alipigana kwenye mashindano hayohayo, katika uzito wa unyoya, ambao mwisho wake ni kilo 57. Alipata shaba. Hata hivyo, waliokaa kumchagua bondia aliyepigana kwa ufundi kuliko wote, wa uzito wowote na wa nchi yoyote, hawakumchagua Foreman wala bingwa mwingine yeyote wa dhahabu. Walimchagua Waruinge. Kombe la Val Barker, linalobeba jina la Mwingereza aliyekuwa kiongozi wa shirikisho la dunia la ngumi za ridhaa, likaenda Kenya.

Ili kuona uzito wa jambo hilo, itazame orodha ya waliolitwaa. Kombe hilo lilianza kutolewa kwenye Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Waliopata heshima hiyo ni pamoja na Nino Benvenuti wa Italia mwaka 1960 na Teófilo Stevenson wa Cuba mwaka 1972. Karibu wote walikuwa na dhahabu shingoni. Kabla ya Waruinge, mwenye shaba aliyewahi kulipata ni Mmarekani Louis Laurie, mwaka huohuo wa 1936. Roy Jones alilipata mwaka 1988 akiwa na fedha, baada ya fainali ya Seoul ambayo mpaka leo inatajwa kuwa moja ya dhuluma kubwa katika mchezo huu. Kutoka Afrika, ukiiweka kando Afrika Kusini, amelipata Waruinge peke yake.

Kwa nini basi shaba? Ngumi za ridhaa za wakati ule zilikuwa na raundi tatu za dakika tatu. Kofia za kukinga kichwa zilikuwa hazijaingia Olimpiki. Ziliingia mwaka 1984. Majaji watano walikaa pembeni mwa ulingo, kila mmoja na karatasi yake, na mshindi alikuwa yule aliyependwa na majaji watatu. Katika nusu fainali Waruinge alikutana na Antonio Roldán, Mmexico, ndani ya ukumbi wa Arena México, mbele ya watu wa Roldán. Majaji wawili walimpa Waruinge. Watatu wakampa mwenyeji. Roldán akaenda fainali, na huko akashinda baada ya mpinzani wake Mmarekani, Al Robinson, kuondolewa kwa kosa la kugonga kwa kichwa.

Karatasi moja, basi, ndiyo iliyosimama kati ya Waruinge na fainali. Mtu anaweza kubishana kuhusu pambano ambalo hakuliona. Lakini mchezo uleule ambao majaji wake watatu walimnyima ushindi ulimtangaza, siku chache baadaye, kuwa bora kuliko mabondia wote waliokuwapo Mexico. Uamuzi huo wa pili unasema mengi kuhusu ule wa kwanza.

Waruinge hakuanguka kutoka mbinguni. Alikwenda Tokyo mwaka 1964, akiwa kijana, kwenye Olimpiki ya kwanza ya Kenya huru, akarudi mikono mitupu. Mwaka 1966 alitwaa dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kingston, Jamaika. Mwaka 1970, baada ya Mexico, alikwenda Edinburgh na kuirudia. Hata kabla ya Mexico tayari alikuwa na miaka ya kusafiri, kupigwa, kurekebishwa na kurudi tena ulingoni, na nyuma yake palikuwa na mji mzima. Klabu ya ngumi za ridhaa ya Nakuru ilikuwa na ukumbi, makocha, na vijana wa kutosha kiasi kwamba bondia hakukosa mtu wa kujipima naye. Nairobi nako kumbi za jamii za mitaa ya wafanyakazi, kama Kaloleni na Pumwani, zilijaa watu usiku wa mapambano. Polisi, magereza, jeshi na mashirika makubwa waliajiri mabondia, wakawapa mshahara, kitanda na muda wa mazoezi. Kijana aliyekuwa na mkono mzuri alijua mlango wa kugonga.

Mfumo huo ulikuwa umerithiwa. Jeshi la kikoloni la Waingereza lilipenda ngumi, na liliziendeleza kambini na shuleni pande zote za Ziwa Viktoria. Idi Amin, kabla dunia haijamjua kwa sababu nyingine, alikuwa bingwa wa uzito wa juu mwepesi wa Uganda katika miaka ya 1950. Bendera zilipobadilika, kumbi na mashindano yalibaki, na serikali changa zikaona kwamba ulingo ni mahali ambapo nchi isiyo na fedha inaweza kusimama sawa na nchi tajiri. Jozi ya glovu na mfuko wa kupiga ni gharama ndogo ukilinganisha na uwanja wa kuogelea.

Matokeo yalionekana haraka. Pale Mexico, medali za kwanza za Olimpiki katika historia ya Uganda zilikuwa mbili, zote za ngumi: Eridadi Mukwanga alipata fedha katika uzito wa bantam, na Leo Rwabwogo shaba katika uzito wa fly. Miaka miwili baadaye, kule Edinburgh, Mtanzania Titus Simba alifika fainali ya uzito wa kati na kushindwa na Mwingereza John Conteh, ambaye mwaka 1974 alikuja kuwa bingwa wa dunia wa kulipwa. Fedha hiyo ilimfanya Simba ajulikane kila nyumba Tanzania. Kwa miaka michache, mtu akitaka kuona ngumi bora za ridhaa barani Afrika alipaswa kuja huku, kati ya Dar es Salaam, Nairobi, Nakuru na Kampala.

Kisha ikaja Munich, 1972. Waruinge alikuwa na miaka 27, umri ambao bondia wa ridhaa huanza kuitwa mzee. Safari hii alivuka nusu fainali. Fainali ilikuwa dhidi ya Boris Kuznetsov wa Umoja wa Kisovyeti, na ilipiganwa siku chache baada ya wanamichezo wa Israeli kuuawa, Olimpiki nzima ikiwa imegubikwa na msiba. Raundi tatu zikaisha, karatasi zikakusanywa. Watatu kwa Kuznetsov, wawili kwa Waruinge.

Tena karatasi moja.

Ni vigumu kuisoma rekodi hiyo bila kuumia kwa niaba yake. Michezo miwili ya Olimpiki iliyofuatana, na kila mara kura moja. Hata hivyo alirudi na fedha, na Kenya ikatoka Munich na medali tatu za ngumi, kwani Richard Murunga na Samuel Mbugua walileta shaba. Rwabwogo wa Uganda naye alipanda kutoka shaba ya Mexico hadi fedha. Hesabu ya Kenya ina jambo ambalo watu wengi hulisahau kwa sababu ya sifa za wakimbiaji wake: ukiondoa riadha, mchezo pekee uliowahi kuiletea nchi hiyo medali ya Olimpiki ni ngumi. Medali ni saba, na mbili kati ya hizo ni za Waruinge.

Baada ya Munich alikwenda Japani kupigana kwa kulipwa. Huko aliitwa Waruinge Nakayama. Alianza mwaka 1973, akiwa na miaka 28, na nyuma yake mapambano ya zaidi ya miaka kumi. Aprili 1976, huko Panama, alipewa nafasi ya kugombea mkanda mpya kabisa wa dunia, wa uzito wa bantam wa juu wa WBC, dhidi ya Mpanama Rigoberto Riasco. Pambano likasimamishwa kabla ya raundi zote kwisha, na Riasco akawa bingwa wa kwanza wa uzito huo. Kwa mara nyingine Waruinge alikuwa ugenini, mbele ya mwenyeji. Alistaafu mwaka 1978 akiwa na ushindi 14, vipigo 10 na sare moja. Mtu akiisoma rekodi hiyo peke yake atadhani alikuwa bondia wa kawaida. Aliyoyafanya makubwa aliyafanya katika ngumi za ridhaa, na huko ndiko sifa yake inakopaswa kupimwa. Alifariki mwaka 2022.

Wakati yeye yuko Japani, nyumbani mambo yaliharibika kwa namna ambayo hakuna kocha angeweza kuizuia. Agosti 1974, miezi miwili kabla ya usiku wa Kinshasa, mashindano ya kwanza ya dunia ya ngumi za ridhaa yalifanyika Havana, Cuba. Mganda Ayub Kalule alirudi na dhahabu, na Mkenya Stephen Muchoki na fedha. Ilionekana wazi kwamba Montreal 1976 ingekuwa zamu yao. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imecheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na nchi nyingi za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Tanzania, zilisusia Montreal. Ulikuwa msimamo wa haki. Gharama yake waliilipa wanamichezo. Muchoki akaongeza jitihada, akawa bingwa wa dunia mwaka 1978 huko Belgrade, na akasubiri Moscow 1980. Kenya ikasusia na Moscow, safari hii pamoja na Marekani. Bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa hakupata kuukanyaga ulingo wa Olimpiki akiwa katika ubora wake. Uganda, iliyokwenda Moscow, ilipata fedha kupitia John Mugabi.

Muchoki na Kalule walihamia Denmark kupigana kwa kulipwa, na Kalule akawa bingwa wa dunia mwaka 1979. Njia ilishafunguka: anayeweza kuondoka, aondoke. Kenya ilipata mwanga mmoja mkubwa zaidi. Kwenye Michezo ya Afrika ya Nairobi mwaka 1987, timu yake ilitwaa dhahabu 8 kati ya 12 za ngumi. Mwaka uliofuata, Seoul, Robert Wangila alimwangusha Mfaransa Laurent Boudouani katika raundi ya pili ya fainali ya uzito wa welter. Hakuziachia karatasi nafasi ya kusema lolote. Ukiiweka kando Afrika Kusini, hakuna bondia wa kusini mwa Sahara aliyekuwa amepata dhahabu ya Olimpiki kabla yake. Miaka sita baadaye, Julai 1994, Wangila alifariki hospitalini Las Vegas kutokana na majeraha ya pambano la kulipwa. Kenya haijapata medali ya Olimpiki ya ngumi tangu Seoul.

Tanzania ilipata furaha yake kwa kuchelewa, mwaka 1998, Michael Yombayomba alipotwaa dhahabu ya uzito wa bantam kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Kuala Lumpur. Dhahabu hiyo ilisimama peke yake, kama mti uliobaki shambani baada ya msitu kukatwa.

Kombe la Val Barker liliendelea na safari yake. Mwaka 2008, miaka 40 baada ya Mexico, lilitua Ukraine. Aliyelichukua Beijing alikuwa Vasyl Lomachenko, kijana wa miaka 20 kutoka Bilhorod-Dnistrovskyi, mji mdogo karibu na Bahari Nyeusi. Naye alikuwa bondia wa unyoya, kilo 57 zilezile. Kisa chake kinafaa kuwekwa kando ya cha Waruinge, kwa sababu kinaonyesha kipaji kinafika wapi kikikuta kila kitu kimeandaliwa. Kocha wake alikuwa baba yake mzazi, Anatoly, ambaye alimtoa mwanawe ulingoni kwa miaka kadhaa akajifunze ngoma za asili za Ukraine, ili miguu ijue kazi kabla ya mikono. Mwaka 2007 Lomachenko alishindwa na Mrusi Albert Selimov katika fainali ya dunia huko Chicago. Mwaka mmoja baadaye alikutana na Selimov huyohuyo kwenye pambano la kwanza la Beijing, akamshinda, na hakusimama mpaka dhahabu. London 2012 akapata ya pili, akiwa amepanda hadi kilo 60. Rekodi yake ya ridhaa inayotajwa kila mahali ni ushindi 396 na kipigo kimoja, hicho cha Chicago.

Alipoingia ngumi za kulipwa mwaka 2013, Lomachenko alipigania ubingwa wa dunia katika pambano lake la pili, na katika la tatu akaupata. Waruinge, mwenye kombe lilelile, alisubiri karibu miaka mitatu, katika nchi ya watu, kwa jina la kupewa. Na Februari 2022, vita ilipoingia nchini kwake, Lomachenko alivaa sare ya ulinzi wa eneo la mji wake, akaliacha pambano kubwa la ubingwa lililokuwa likiandaliwa. Msomaji wa Ituri hahitaji kuelezwa maana ya kijana kuacha mazoezi kwa sababu ya bunduki.

Kongo imetoa mabondia wakubwa wa kulipwa. Sumbu Kalambay, mzaliwa wa Lubumbashi, alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa kati akiwa Italia mwaka 1987. Ilunga Makabu aliushinda mkanda wa WBC wa uzito wa cruiser hukohuko Kinshasa, Januari 2020. Kwenye ridhaa, hadithi ni ya subira. Na safari ya Olimpiki ambayo mtu wa Ituri ana sababu ya kuikumbuka ni ya mwanamke.

Mkongo Marcelat Sakobi alipigana kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, kisha Paris mwaka 2024, katika uzito wa kilo 57. Paris alishindwa na Sitora Turdibekova wa Uzbekistan. Kabla ya kushuka ulingoni aliziba mdomo kwa kiganja, akanyoosha vidole viwili kwenye paji la uso mithili ya bastola. Ni ishara ileile ambayo wachezaji wa timu ya taifa ya soka walikuwa wameionyesha Abidjan mwezi Februari, wakati wa wimbo wa taifa, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika: watu wa mashariki mwa Kongo wanauawa, na dunia imenyamaza. Mashariki hiyo ni pamoja na Ituri, iliyowekwa chini ya magavana wa kijeshi Mei 2021. Bondia aliyekuwa ametoka kupoteza pambano alizitumia sekunde chache alizobakiwa nazo mbele ya kamera kwa ajili ya watu wa huku.

Mpaka Michezo ya Paris inafungwa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo haikuwa na medali hata moja ya Olimpiki, katika mchezo wowote. Sababu si ukosefu wa vijana wenye mikono. Nakuru haikuwa tajiri. Ilikuwa na ukumbi uliofunguliwa kila jioni, kocha aliyerudi kesho yake, mwajiri aliyekubali kumpa bondia ruhusa, na watu walioandika matokeo. Hilo la mwisho si dogo. Kura mbili alizopewa Waruinge Mexico na mbili za Munich tunazijua leo kwa sababu mtu aliziandika.

Bunia nayo ina wazee waliowahi kuvaa glovu au kukaa pembeni mwa ulingo wakishangilia. Wewe unayesoma haya Ngezi, Mudzipela au Lumumba, ukimjua mzee kama huyo, mfuate na daftari. Muulize alipigana na nani, wapi, mwaka gani, katika kilo ngapi, na nani alishinda. Andika majina yote, ya walioshinda na ya walioshindwa, ukampelekee kijana anayefanya mazoezi mtaani kwako.